Agatha Christie: Mama aliyempa mkimbizi kazi ya upelelezi

USIKU wa Novemba 21, 1974, jijini London, Malkia Elizabeth wa Pili alifika katika jumba la sinema kuona onyesho la kwanza la filamu ya Murder on the Orient Express, yaani Mauaji katika Treni ya Orient Express. Miongoni mwa wageni alikuwapo bibi mmoja wa miaka 84 aliyeletwa kwa kiti cha magurudumu. Filamu ile ilitokana na riwaya aliyoiandika mwenyewe, iliyochapishwa miaka 40 kabla ya usiku huo. Hiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kuonekana hadharani katika shughuli kubwa. Januari 12, 1976 alifariki dunia.

Bibi huyo ni Agatha Christie. Huenda, ndugu msomaji, hujawahi kulisikia jina lake, lakini kazi ya mikono yake umeiona. Kila unapotazama filamu ambayo watu wamefungiwa mahali pamoja, mmoja akakutwa amekufa, na mwishoni mpelelezi akawakusanya wote chumba kimoja ili amtaje muuaji, ujue unakula matunda ya mti ambao bibi huyu aliupalilia kuliko mtu mwingine yeyote. Familia yake inakadiria kwamba vitabu vyake vimeuzwa zaidi ya nakala bilioni mbili.

Leo nawaletea habari za maisha yake kwa sababu mbili. Kwanza, mpelelezi wake maarufu, Hercule Poirot, alikuwa mkimbizi, na sisi tuliorejea tunalijua neno hilo kwa undani. Pili, filamu ile ya treni inauliza swali ambalo katika nchi zetu za Maziwa Makuu bado ni la moto: sheria ikishindwa kumwadhibu mwovu, walioumizwa wafanye nini?

Binti asiyepelekwa shule

Agatha Mary Clarissa Miller alizaliwa Septemba 15, 1890 katika mji wa pwani wa Torquay, kusini magharibi mwa Uingereza. Baba yake, Frederick, alikuwa Mmarekani mwenye mali ya urithi, na mama yake, Clara, alikuwa na mawazo yake mwenyewe kuhusu malezi. Aliamini kuwa mtoto asifundishwe kusoma mpaka afikishe miaka minane. Agatha hakungoja. Akiwa na miaka mitano hivi alikuwa tayari amejifunza kusoma peke yake, kwa kuangalia vitabu alivyokuwa akisomewa.

Hakupelekwa shule ya kawaida kama watoto wengine. Masomo yake mengi ya utotoni aliyapata nyumbani, na baadaye alikwenda Paris kujifunza muziki. Alitamani kuwa mpiga piano au mwimbaji, lakini haya ilimzuia kusimama mbele ya watu, na haya hiyo hakuachana nayo maisha yake yote.

Baba alifariki mwaka 1901, Agatha akiwa na miaka 11, mali ikiwa imeanza kuyeyuka. Tangu hapo hofu ya kuipoteza nyumba waliyokuwa wakiishi, iliyoitwa Ashfield, haikumtoka. Aliyewahi kuona wazazi wake wakihesabu vyombo vya kubeba na vya kuacha ataelewa.

Kaka na boti ya Ziwa Victoria

Wachache wanajua kwamba familia hii ina uzi unaofika huku kwetu. Kaka yake Agatha, Monty, alikuwa mtu wa mipango mikubwa na mifuko iliyotoboka. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza alipanga kuendesha boti za mizigo katika Ziwa Victoria, na boti ya kwanza ikaanza kuundwa Uingereza kwa fedha za ndugu zake. Vita ilipolipuka mwaka 1914, mpango ukafa. Monty aliingia jeshi la King's African Rifles, wale askari ambao wazee wetu waliwaita Keya, akapigana Afrika Mashariki. Alirudi kwao na jeraha la mkono lililokaribia kumuua, akifuatana na mtumishi wake Mwafrika.

Wafanyabiashara wa leo wanaovusha mizigo kutoka Mwanza hadi Port Bell wanaweza kucheka. Wazo la Monty halikuwa baya. Lilimkuta tu katika mwaka mbaya.

Wakimbizi wa Torquay

Mwaka huohuo wa 1914, siku ya mkesha wa Krismasi, Agatha aliolewa na Archibald Christie, rubani wa kivita. Mume akarudi Ufaransa vitani, mke akabaki Torquay akiuguza majeruhi katika hospitali iliyofunguliwa ndani ya jumba la mji. Baadaye alihamishiwa chumba cha dawa, akasoma, na mwaka 1917 akafaulu mtihani wa wasaidizi wa famasia.

Hapo ndipo alipoijua sumu. Alikuwapo mfamasia mmoja wa mjini aliyekuwa akimfundisha, ambaye siku moja alitoa mfukoni kipande cha kitu cheusi akamweleza kuwa ni kurare, sumu ambayo wawindaji wa Amerika ya Kusini hupaka kwenye mishale. Ukiimeza huenda isikudhuru, lakini ikiingia kwenye damu unapooza na kufa. Yule bwana alikuwa akitembea nayo kwa sababu ilimfanya ajihisi ana nguvu. Mfamasia huyohuyo siku nyingine alikosea nukta ya desimali alipokuwa akipima dawa. Agatha, mwanafunzi asiyethubutu kumsahihisha mwalimu, aliangusha sinia makusudi na kuzikanyaga dawa zile ili asije akadhurika mgonjwa. Miaka mingi baadaye mtu wa namna ile alijitokeza katika riwaya yake mojawapo.

Dada yake, Madge, alikuwa amemwambia kwamba hawezi kuandika hadithi ya upelelezi. Kumwambia mtu wa haya kwamba hawezi ni kumwashia moto. Mwaka 1916, akiwa kazini katika chumba cha dawa, alianza kuandika. Sumu alikuwa nayo. Alihitaji mpelelezi.

Akatazama nje. Ujerumani ilikuwa imeivamia Ubelgiji Agosti 1914, na Wabelgiji wapatao 250,000 walikuwa wamekimbilia Uingereza. Torquay nayo ilipata wake. Katika kumbukumbu za maisha yake zilizochapishwa mwaka 1977, baada ya yeye kufa, Agatha ameeleza jinsi walivyopokewa. Mwanzoni kila mtu alijaa huruma: nyumba zilisafishwa, samani zikatolewa, wageni wakakaribishwa. Haukupita muda mrefu manung'uniko yakaanza. Wakasemwa kwamba hawana shukrani, kwamba wanalalamika. Agatha aliona kitu ambacho majirani zake hawakukiona. Watu wale walikuwa wakulima waliochanganyikiwa katika nchi ngeni. Hawakutaka kualikwa chai kila siku. Walitaka kuachwa watulie, waweke akiba kidogo, na walime kibustani kwa namna ileile waliyozoea kwao.

Msomaji uliyeishi kambini hahitaji maelezo zaidi. Sisi tuliosoma ugenini tumeyaona yote mawili, mkono unaokukaribisha na mdomo unaokusimanga, na mara nyingine ni vya mtu mmoja.

Agatha akajiuliza: je, katika wakimbizi hawa hawezi kuwamo afisa wa polisi mstaafu? Ndipo akazaliwa Hercule Poirot: mfupi, kichwa umbo la yai, masharubu yaliyosokotwa, viatu vinavyong'aa, na akili isiyolala. Katika riwaya ya kwanza, The Mysterious Affair at Styles, Poirot anaishi na Wabelgiji wenzake katika nyumba waliyosaidiwa na mama mmoja tajiri wa kijiji. Mama huyo anapouawa kwa sumu, mkimbizi anashika kesi kama njia ya kulipa fadhila.

Hapa historia ina kinaya chake. Mwaka uleule wa 1916, Agatha alipokuwa akimwandika Mbelgiji asiye na nchi anayeishi kwa hisani ya wengine, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yalikuwa yakiingia Rwanda na Burundi, na mwezi Septemba yakaiteka Tabora. Ulaya walikuwa wakimbizi, huku kwetu wakawa watawala.

Mkataba wa pauni 25

Wachapishaji kadhaa walikikataa kitabu hicho. Mwishowe kampuni ya The Bodley Head ilikikubali, kikatoka Marekani mwaka 1920 na Uingereza mwaka 1921. Malipo yake yalikuwa pauni 25 tu, tena zilizotokana na gazeti lililochapisha hadithi hiyo kwa mfululizo. Mbaya zaidi, mkataba ulimfunga kuwapa wachapishaji hao vitabu vingine vitano. Kwa furaha ya kuchapishwa, alitia saini.

Alijifunza. Alipata wakala, Edmund Cork, ambaye alisimamia kazi zake kwa miongo mingi, na alipomaliza deni la vitabu alihamia kampuni ya Collins. Tangu hapo alisoma kila mkataba kama anavyosoma mfanyabiashara wa mpakani hati ya ushuru, mstari kwa mstari.

Siku 11 za kupotea

Mwaka 1926 ulimpa utukufu na msiba. Riwaya yake The Murder of Roger Ackroyd ilizua ubishi mkubwa kutokana na namna muuaji alivyofichwa. Mwaka huohuo mama yake akafariki, na mumewe akamwambia kuwa anampenda mwanamke mwingine, Nancy Neele, na anataka talaka. Binti yao, Rosalind, alikuwa na miaka saba.

Usiku wa Desemba 3, Agatha aliondoka nyumbani kwa gari. Asubuhi gari lilikutwa mahali paitwapo Newlands Corner, limetelekezwa, mwenyewe hayupo. Nchi nzima ikataharuki. Maelfu ya watu walijitokeza kumtafuta vichakani. Arthur Conan Doyle, mwandishi wa Sherlock Holmes, aliyekuwa akiamini mambo ya mizimu, alichukua glavu ya Agatha akampelekea mpiga ramli.

Macho ya polisi na magazeti yakamgeukia mume. Alikuwa na hawara, alikuwa amegombana na mkewe, na mke hayupo. Watu walikuwa wameshamaliza kesi kabla ya kupatikana mwili.

Desemba 14 mwili ulipatikana, ukiwa mzima, ukila chakula katika hoteli moja ya Harrogate, kaskazini mwa Uingereza. Agatha alikuwa amejiandikisha katika daftari la wageni kama Bi. Neele kutoka Cape Town. Ukoo wa hawara wa mumewe! Familia ilisema amepoteza kumbukumbu. Yeye mwenyewe katika kitabu cha maisha yake alizipita siku zile kimya, na hadi leo watu wanabishana. Lakini, msomaji, shika jambo hili, tutalihitaji mbele: Archibald Christie alikuwa mume mbaya, ila hakuwa muuaji. Laiti hukumu ingekuwa mikononi mwa kundi lenye hasira juma lile, wangemnyonga mtu kwa kifo ambacho hakikutokea.

Treni ya kwenda Baghdad

Ndoa ilivunjwa mwaka 1928. Mwaka huohuo Agatha, mwanamke wa miaka 38, peke yake, alipanda Orient Express hadi Istanbul, akaendelea Damascus na Baghdad. Alifika Ur, mji wa kale ambako Leonard Woolley alikuwa akichimba mabaki. Aliporudi huko mwaka 1930 alikutana na mchimbaji kijana, Max Mallowan, aliyekuwa mdogo kwake kwa karibu miaka 14. Septemba 11 mwaka huo wakafunga ndoa mjini Edinburgh. Ndoa hiyo ilidumu mpaka kifo.

Miaka mingi walikwenda pamoja Syria na Iraki. Max alichimba, Agatha alipiga picha, akaosha vipande vya vyungu, na huko Nimrud akasafisha vipande vya pembe za ndovu vya maelfu ya miaka kwa krimu yake ya uso.

Desemba 1931, akirudi kutoka Ninawi, treni yake ilikwama njiani kwa sababu mvua kubwa ilikuwa imeharibu reli. Miaka miwili kabla, 1929, Orient Express ilikuwa imekwama siku kadhaa katika theluji nchini Uturuki. Kisha, Machi 1, 1932, nchini Marekani, mtoto mchanga wa rubani mashuhuri Charles Lindbergh aliibwa kitandani. Fidia ililipwa. Mtoto alikutwa amekufa mwezi Mei.

Agatha aliyaunganisha mambo hayo. Januari 1, 1934 ikatoka Murder on the Orient Express.

Hadithi yenyewe

Kama hujaiona filamu na hupendi kuambiwa mwisho, ruka sehemu hii. Poirot anapanda treni Istanbul akitoka Syria. Nchini Yugoslavia, kati ya Vinkovci na Brod, theluji inawafungia. Asubuhi tajiri mmoja wa Kimarekani anakutwa kitandani amechomwa kisu mara 12. Jina lake halisi ni Cassetti, mtu aliyemteka nyara na kumuua mtoto, Daisy Armstrong. Mama wa mtoto alikufa kwa uchungu wa kujifungua kabla ya wakati, baba akajipiga risasi, na yaya mmoja aliyeshukiwa bure akajiua. Cassetti alishitakiwa, lakini kwa fedha na kasoro za kisheria akaachiwa.

Watu wa mpakani wataifurahia namna Poirot anavyofanya kazi. Hana maabara, hana simu. Ana mizigo, paspoti na lugha za watu. Doa la mafuta kwenye paspoti ya mama wa Hungary limefunika herufi ya kwanza ya jina: kwa nini hapo hasa? Leso yenye herufi H inatafutiwa mwenye jina la H, mpaka Poirot anapokumbuka kuwa katika maandishi ya Kirusi alama hiyo husomwa N. Sauti iliyomjibu kondakta usiku kutoka chumba cha marehemu ilisema Kifaransa, na marehemu hakujua Kifaransa.

Mwisho anagundua kuwa abiria wote wa behewa lile, watu wa mataifa mbalimbali wanaojifanya hawajuani, walikuwa wa nyumba moja: ndugu, marafiki na watumishi wa akina Armstrong. Watu 12 wamechoma kisu, kama baraza la wazee 12 wa mahakama wa nchi zile.

Filamu alizozichukia

Agatha hakuwa rafiki wa sinema. Filamu ya mwaka 1931 ilimwonyesha Poirot bila masharubu. Aliipenda Witness for the Prosecution ya Billy Wilder, ya mwaka 1957. Lakini mwaka 1960 aliuza haki za vitabu vyake vingi kwa kampuni ya MGM, na majuto yakafuata. Walimchukua bibi Miss Marple, mpelelezi wake wa pili, mtulivu wa kijijini, wakamfanya mchekeshaji. Walichukua kesi ya Poirot wakampa Miss Marple. Filamu moja ya 1964 waliitungia hadithi yao wenyewe kabisa. Hakumchukia mwigizaji wake, Margaret Rutherford, na hata akampa heshima ya kumtabarukia kitabu mwaka 1962. Alichochukia ni kazi yake kukatwakatwa. Tangu hapo alifunga mlango.

Mlango ulifunguliwa na ukwe. Mtayarishaji John Brabourne alikuwa mkwe wa Lord Mountbatten, na Mountbatten alikuwa amemwandikia Agatha barua tangu mwaka 1924 kumpa wazo lililofanana na lile la Roger Ackroyd. Mzee huyo alisaidia kumshawishi. Brabourne na mwenzake Richard Goodwin waliahidi kuuheshimu muswada.

Mwongozaji alikuwa Sidney Lumet, Mmarekani ambaye mwaka 1957 alitengeneza filamu ya 12 Angry Men, kuhusu wazee 12 wa baraza la mahakama waliofungiwa chumbani. Mtu huyohuyo sasa akapewa watu 12 ndani ya behewa. Aliwakusanya Sean Connery, Lauren Bacall, Vanessa Redgrave, Anthony Perkins, John Gielgud na Ingrid Bergman. Albert Finney, ambaye hakuwa hata na miaka 40, alikaa saa nyingi akipakwa vipodozi kila siku ili awe Poirot.

Filamu inaanza bila maelezo, kwa vichwa vya habari vya magazeti na picha za utekaji wa Daisy, muziki ukitisha. Kisha tunahamia Istanbul. Treni inapoondoka usiku, taa zake zinawaka, na Richard Rodney Bennett anatupigia wimbo wa dansi, kana kwamba tunakwenda harusini. Ingrid Bergman alikuwa ametakiwa aigize binti mfalme wa Kirusi, yeye akachagua sehemu ndogo ya mmisionari wa Kiswidi anayehudumu Afrika. Lumet alimhoji mbele ya kamera kwa dakika kadhaa bila kukata, na kwa sehemu hiyo alipata tuzo ya Oscar mwaka 1975. Tukiri pia kwamba namna mhusika huyo anavyowazungumzia watoto wa Kiafrika haitupendezi. Na katika vitabu vya Agatha mwenyewe imo dharau dhidi ya wageni na watu weusi, ambayo matoleo ya baadaye yameipunguza.

Agatha aliridhika. Lalamiko lake lilikuwa moja tu: masharubu ya Finney hayakufikia utukufu wa yale aliyoyaandika.

Swali la wale 12

Poirot anawapa abiria maelezo mawili. La kwanza: mtu asiyejulikana aliingia, akaua, akatoweka katika theluji. La pili ni ukweli. Msimamizi wa reli anachagua la kwanza ndilo wapewe polisi, na Poirot anakubali. Katika filamu anakwenda kuandika ripoti akiwa na vita moyoni, huku nyuma yake abiria wakigonganisha glasi kana kwamba ni sherehe.

Nikiisimulia hadithi hii darasani huwaambia wanafunzi wangu wa sekondari wanyooshe mikono. Nani anasema Poirot amefanya sawa? Karibu wote hunyoosha. Si ajabu. Wamekulia katika nyumba ambazo jina la aliyewaua ndugu zao linajulikana, na pengine mwenyewe hupita barabarani. Mtoto wa nyumba hiyo ukimwambia habari za Cassetti, haoni hadithi, anaona jirani.

Ndipo huwauliza la pili: je, yaya aliyejiua alikuwa na kosa gani? Kimya hutanda. Yaya yule hakuua mtu. Aliuawa na shaka za watu waliokuwa na uhakika. Na Agatha hakumtunga kutoka hewani. Katika kesi ya kweli ya Lindbergh, Juni 1932, mtumishi wa kike wa Kiingereza, Violet Sharp, aliyehojiwa tena na tena na polisi, alikunywa sumu akafa. Baadaye ilidhihirika kwamba hakuhusika.

Jambo la tatu ni tarehe. Agatha alipochapisha kitabu, Januari 1934, hakuna aliyekuwa amekamatwa kwa kumuua mtoto wa Lindbergh. Bruno Hauptmann alikamatwa Septemba mwaka huo na kunyongwa kielektriki Aprili 1936, na mpaka sasa wapo wanaobishana juu ya ushahidi wake. Ndani ya riwaya mwandishi anatuhakikishia kwamba Cassetti ndiye. Sisi huku nje hatuna mwandishi wa kutuhakikishia. Tuna mashahidi wanaosahau, majirani wenye vinyongo vya mashamba, na uvumi unaovuka mpaka haraka kuliko basi.

Ndiyo maana Rwanda, mahakama za kawaida zilipolemewa, iliwaketisha watu kwenye nyasi katika gacaca, mpaka zilipofungwa rasmi Juni 2012. Zilisifiwa na zililaumiwa. Lakini angalau zilikuwa na kitu ambacho behewa lile halikuwa nacho: mshitakiwa akiwa macho, akisikia anachoshitakiwa, na mtu wa kusimama aseme si yeye. Cassetti alilishwa dawa ya usingizi kabla ya kuchomwa. Wale 12 walikuwa na machungu ya haki, ila kujichukulia sheria mkononi kulihitaji giza, dawa na uongo. Kilichohitaji vyote hivyo ni vigumu kukiita mahakama, hata kama mkosaji ni mkosaji kweli.

Naamini Agatha mwenyewe alilijua hilo. Aliyeona mumewe akihukumiwa na mji kwa siku 11 asingeweza kulikosa. Ndiyo maana hakumpa Poirot maneno ya ushindi mwishoni. Filamu ya televisheni ya mwaka 2010, aliyoigiza David Suchet, ililitoa hilo waziwazi: Poirot wake anawakaripia abiria, na anaondoka akilia na rozari mkononi. Kenneth Branagh naye alirudia hadithi hiyo katika sinema mwaka 2017. Kila kizazi hulirudia swali hilo, na kila kizazi hutoka nalo mkononi.

Mwisho wa safari

Mwaka 1971 Agatha alipewa heshima ya Dame, sawa na cheo cha Sir kwa wanaume. Mchezo wake wa jukwaani, The Mousetrap, ulioanza London Novemba 1952, uliendelea bila kukoma mpaka ugonjwa wa korona ulipoufunga Machi 2020, ukafunguliwa tena Mei 2021. Haki za mchezo huo alikuwa amempa mjukuu wake tangu mwanzo, na mtoto yule wa miaka tisa akakua nazo.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mabomu yakianguka London, aliandika kitabu cha kifo cha Poirot akakifungia. Kilitoka mwaka 1975, na gazeti la New York Times la Agosti 6 mwaka huo lilichapisha taazia ya Poirot katika ukurasa wa kwanza, heshima ambayo wakimbizi wengi wa kweli hawajaipata. Miezi michache baadaye mama yake aliyemwandika akamfuata, nyumbani kwake Wallingford. Amezikwa katika kijiji cha Cholsey.

Poirot hakurudi kwao kuishi. Alibaki Uingereza tangu vita ile, na mpaka mwisho Waingereza walikuwa wakimwita Mfaransa, naye akiwasahihisha kwa upole kuwa ni Mbelgiji. Sisi tumebahatika kurudi. Nasi bado tunaitwa majina ya kule tulikotoka, na wa kule wanatuita ya huku. Tusahihishe kwa upole, na tuendelee kufanya kazi.